Msimu wa Kuinama

Novemba 7, Alhamisi

Nimepewa kazi ya nyumbani. Mimi Evaline, niliyewapa watoto wa darasa la tatu hapa Heru Juu kazi za nyumbani mpaka wazazi wao wakanichoka, kabla sijapewa likizo ya ugonjwa, leo nimepewa ya kwangu na nesi ambaye ningeweza kumfundisha kusoma. Anaitwa Asmahani, katokea Tanga, na kazi yake pale hospitali mjini Kasulu ni kuongea na sisi wagonjwa wa moyo. Hapimi, hachomi sindano, anaongea tu. Serikali ina hela za kuchezea.

Daktari ndiye aliyenipeleka kwake. Moyo wangu umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Hilo nimeambiwa tangu Aprili. Sasa anasema kuna jingine limepanda juu yake, linaitwa sonona, na linawapata wengi wenye moyo mbovu. Mtu akiwa nalo anaacha kula, anaacha dawa, na moyo unaisha upesi kuliko ulivyopangiwa. Nikamwambia sina sonona, nina uchovu. Akanitazama kama ninavyomtazama mtoto anayesema daftari limeliwa na mbuzi.

Asmahani aliniuliza maswali yenye alama. Umekosa hamu ya vitu? Unajiona huna thamani? Nimepata alama za juu, kwenye mtihani ambao kufaulu ndiko kufeli. Kisha akasema nichukue daftari, kila siku niandike kilichotokea na nilivyojisikia. Haya, nimeandika. Nimejisikia kuchoka.

Novemba 8

Mvua. Nimeshinda ndani.

Novemba 10, Jumapili

Kengele ya kanisa imelia, sikutoka. Nikamwona mama akipita kwenye migomba na kitenge chake cha Jumapili. Alitazama mlango wangu, akaendelea.

Lazima nimweleze, la sivyo nitaonekana namsingizia. Mama Valeria ni mama mzazi wa mume wangu Renatus. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na migomba tu. Renatus anafanya kazi idara ya maji Kibondo na huja mwisho wa mwezi. Binti yetu Careen yuko bweni hukohuko. Kwa hiyo tumebaki wawili hapa, mimi na mama, na tangu katikati ya mwaka hatujasalimiana ipasavyo.

Kwetu Waha salamu si neno la kurushiana njiani. Mwanamke akikutana na mkubwa wake anapiga goti, anainama, anapiga makofi taratibu, na mkubwa anauliza. Umeamkaje? Nyumba? Mume? Mtoto? Shamba? Wa kwenu? Kila swali lina jibu lake, na jibu ni amahoro, yaani salama, hata kama jana paa lilichukuliwa na upepo. Mdogo haifungi salamu. Mkubwa ndiye anayeifunga, na mpaka aifunge unabaki hapo chini.

Mimi nikiinama, pumzi inakata. Siyo kuchoka. Ni mtu mzima kanikalia kifuani, na macho yanaanza kuingia giza. Aprili niliwaambia nyumbani kwamba moyo unadunda vibaya, basi. La kuinama sikulisema. Huku juu kazi zote za mwanamke ni za kuinama: kulima, kupanda, kupalilia, kufagia, kusalimia. Mke asiyeinama ni wa nini?

Nikaanza kuwakwepa watu. Nikitaka chumvi dukani nakodi bodaboda, maana aliye juu ya pikipiki hapigi goti, anapunga mkono na kupita. Najua wanachosema. Mwalimu siku hizi anatusalimia kutoka juu.

Novemba 12

Mama amepanda maharage peke yake kwenye shamba la chini. Nimemwona dirishani, mgongo juu, kichwa chini, asubuhi nzima. Magoti yake yanamsumbua kila mvua zikianza, na bado hakuniita. Zamani tulipanda pamoja, yeye anachimba, mimi nadondoshea mbegu. Nililia, kisha nikakasirika kwamba nimelia.

Novemba 14, Alhamisi

Kliniki. Kwenye benchi nimekaa na Mzee Haidari, mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Asili yao ni Ujiji, naye moyo wake umechoka kama wangu. Alininyooshea mkono, nikaushika, salamu ikaisha. Nilisikia raha mpaka nikaona aibu.

"Wameniambia nisile chumvi," alisema. "Nikamwambia daktari, basi ng'oa na ulimi, wa nini tena humu."

"Na huyu nesi wa maongezi, mzee?"

"Huyo ni hatari kuliko chumvi. Anauliza, halafu ananyamaza. Kimya kile kinanitoa maneno ambayo marehemu mke wangu aliyatafuta miaka asiyapate."

Kweli ananyamaza. Leo ameniuliza, "Mwalimu, hebu nambie, ukikaa peke yako ndani unawaza nini?" Akatulia, mikono magotini. Nikasikia nasema kwamba nawaza watu wangu wangepumzika nisingekuwepo. Sikukusudia kusema. Hakushtuka, hakunihubiria. Aliniuliza kama nimepanga kujidhuru, nikamwambia hapana, na ni kweli. Akasema siku nikiona jibu linabadilika nimpigie simu saa yoyote, akaniandikia namba.

Halafu akaeleza. Sonona inamfungia mtu ndani, na kadiri anavyojifungia ndivyo inavyonenepa. Usingoje hamu irudi ndipo utoke. Toka kwanza, hamu itakufuata nyuma. Kwa hiyo kazi ya nyumbani imeongezeka: kila siku nitoke, nisalimie watu watatu, niongee nao kidogo.

Watu watatu. Ningemwambia pale pale. Nilimtazama, binti wa Tanga, kwao mtu anasalimia amelala kwenye mkeka, nikaona nianzie wapi. Nikasema sawa.

Novemba 15

Sikutoka.

Novemba 16

Sikutoka. Mvua ya mawe kidogo.

Novemba 21, Alhamisi

Aliuliza kama nimewasalimia watu. Nikasema ndiyo. Akafurahi kiasi kwamba nikamtajia na majina yao. Nimekuwa kama watoto wangu wanaonakili majibu kwa jirani, ila wao wanaona haya zaidi.

Novemba 24, Jumapili

Maharage ya mama yameota vizuri. Mimi nalalia mito mitatu.

Novemba 30

Renatus yuko hapa. Ni mtu mpole, na upole wake siku hizi unaniudhi. Aliniuliza kama nimegombana na mama. Nikasema hapana. Akamuuliza mama, mama akasema, "Mwalimu ana mambo yake." Zamani aliniita Mama Careen. Sasa ni mwalimu, kama mkaguzi wa elimu.

Renatus alikaa katikati ya kimya chetu siku nzima, akarekebisha mlango usioharibika, na kesho anarudi Kibondo. Naona anafurahi kuondoka. Simlaumu. Ningekuwa na Kibondo yangu ningeenda.

Desemba 3

Leo sikumeza vidonge. Nilisahau.

Desemba 4

Leo sikumeza tena, na sikusahau.

Desemba 5, Alhamisi

Mzee Haidari leo alikuwa na rangi ya majivu, lakini mdomo haujambo. Aliniambia watoto wake wanamletea uji na kumuuliza anaendeleaje, naye anawajibu vizuri sana, kisha anakuja huku kumwambia Asmahani kwamba anaogopa kulala.

"Kwa nini usiwaambie wao?" nikamuuliza.

"Wewe umewaambia wako?"

Nikatazama dirisha. Akacheka mpaka akakohoa, akanipa pipi ya tangawizi. Kwa Asmahani nilisema nameza dawa. Alinitazama miguu, imevimba, akauliza tena. Nikasema tena.

Desemba 7

Careen amefunga shule, amekuja. Asubuhi alikwenda kumsalimia bibi yake. Nilikuwa nyuma ya migomba, nikamwona anavyopiga goti, mgongo umenyooka, makofi ya taratibu. Mama akamwambia kwa sauti ambayo nyumba yangu ingeisikia, "Umefundishwa vizuri. Sijui na nani."

Ni mimi niliyemfundisha. Mama anajua.

Desemba 12

Sikwenda kliniki. Mvua, nikasema. Bodaboda walikuwepo.

Desemba 16

Asmahani amepiga simu. Sikupokea. Akatuma ujumbe: "Sikulazimishi mwalimu, nakukumbuka tu." Nimeusoma mara nyingi kuliko unavyostahili.

Desemba 19, Alhamisi

Nilikwenda kwa sababu ya benchi, si kwa sababu ya nesi. Nilitaka kumcheka yule mzee na ulimi wake.

Benchi lilikuwa tupu. Binti yake Swaumu alikuwa amekuja kurudisha mashine ya kupimia presha waliyoazimwa. Akaniambia baba amefariki Jumapili alfajiri, wamemzika siku hiyohiyo. Alisema, "Jioni yake nilimuuliza anajisikiaje, akasema hajambo kabisa." Alilisema akitaka nimfariji, kwamba baba aliondoka akiwa salama. Mimi ndiye niliyejua kwamba haikuwa hivyo. Nilimshika mkono tu.

Kwa Asmahani sikusema lolote. Tukakaa.

Nikirudi juu ya pikipiki, matope yakiniruka miguuni, nimewaza kwamba na mimi nitaondoka hivyo, mama akibaki na hesabu kwamba mke wa mwanawe alimdharau mpaka kaburini. Ujinga mwingine wote naweza kuondoka nao. Huo hapana. Krismasi nitampigia goti mbele ya watu, ipasavyo, mara moja tu. Baada ya hapo moyo ufanye unavyotaka.

Desemba 24

Mvua imeyazidi maharage, majani ya chini yamegeuka njano. Mama anachimba mifereji. Kesho.

Desemba 28, Jumamosi. Hospitali, Kasulu

Mkono umepata nguvu ya kushika kalamu. Naandika kwa mapande.

Baada ya misa watu walikusanyika uani kwa mama kama kila mwaka. Wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti, Renatus akigawa soda. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilivaa gauni langu la kitenge la bluu. Nilipita katikati ya watu, na kadiri nilivyomkaribia ndivyo maongezi yalivyopungua. Wote walikuwa wakingoja kuona kama mwalimu ataendelea kusimama.

Nikapiga goti. Nikainama, nikapiga makofi. "Mwakeye, mama."

Aliweka kikombe chini. Kisha akaitikia, na sauti yake ilikuwa nzito, na akaanza. Umeamkaje? Amahoro. Nyumba? Amahoro. Mume? Mtoto? Akaulizia watoto wa shule. Akaulizia mimi nilivyoliona shamba la maharage. Pumzi ikaanza kukata, nikawaza, atafunga sasa. Hakufunga. Akaulizia kwetu Nyabibuye: mama yangu, kaka zangu, mke wa kaka mkubwa, mtoto aliyezaliwa mwaka jana, ng'ombe. Akaulizia hata barabara ya kwetu kama imetengenezwa. Nikajibu amahoro kwa kila kitu, mpaka barabara. Nikawaza: ananiadhibu. Anajua, ananiadhibu mbele ya watu, na ana haki. Kuinuka sikuweza, maana salamu haijafungwa. Nilisikia makofi yangu yakiwa mbali, kama ya mtu mwingine. Ardhi ikaja.

Hayo mengine wamenisimulia. Gari la paroko. Matope, wakashuka kusukuma. Careen alinishika kichwa njia nzima.

Desemba 29

Maji mengi yametolewa mwilini. Daktari amesema neno moja: "Vidonge?" Sikumjibu, akaelewa. Akasema bila ukali kwamba nikiviacha tena sitaiona Pasaka.

Mama anashinda nje ya wodi, ananiambia Careen. Haingii.

Desemba 30, Jumatatu

Hii nataka niiandike yote.

Asmahani alikuja kitandani, akavuta pazia, akakaa. Akaniuliza ilianzaje. Nikamwambia nilikuwa nasalimia. Akasubiri. Nikaona macho ya Swaumu pale kwenye benchi tupu, akisema baba alikuwa hajambo kabisa, nikamwambia. Goti. Pumzi. Migomba. Pikipiki. Majina niliyomtajia ya watu ambao sikuwasalimia.

"Subiri kwanza," alisema. "Mimi nilikutuma ukasalimie watu watatu kila siku."

"Ndiyo."

"Na kila mmoja unampigia goti?"

"Wazee wote. Na kule kwetu nani anakubali kwamba yeye si mzee?"

Alicheka kidogo, kisha akaweka kiganja usoni. "Ya Rabi. Nimekuandikia sumu nikaiita dawa. Ningeuliza tu, mnasalimianaje huku, ningejua. Nimekosa, mwalimu. Unisamehe."

Sijawahi kuombwa radhi na mtu wa hospitali. Sikujua uso niuweke vipi. Nikamwambia na mimi nilimdanganya, tumelingana.

"Hatujalingana, ila twende," alisema. "Nani mwingine anajua hili la kuinama?"

"Hakuna."

"Mama je?"

Nikatikisa kichwa. Akanyamaza kile kimya chake. Nje ya pazia mtu alikuwa anaburuta ndoo. Mwishowe nikasema, mwite.

Mama aliingia na khanga imebanwa kifuani kwa mikono miwili. Alisimama mbali na kitanda kama mtu aliyekuja ofisini kuulizia barua. Asmahani akampa kiti, akakataa.

"Mama, mwalimu ana neno lake," Asmahani alisema. "Mimi nipo tu."

Nilijaribu kwa Kiswahili, si kwa Kiha chetu, ikaniwia rahisi, kama vile namzungumzia mgonjwa mwingine. "Mama, mimi nikiinama pumzi inakata. Siwezi kupiga goti. Siwezi kulima. Tangu Aprili. Sikuwa na dharau. Nilikuwa nakukimbia ili usijue."

Akasogea hatua moja kuelekea kitandani.

"Ugonjwa wa moyo ulituambia," alisema. "Hili la kuinama hukutuambia."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Mke asiyeinama ni wa nini, mama?"

Kisha akaketi kwenye kile kiti alichokataa, taratibu, kwa sababu ya magoti yake.

"Mimi nimepanda maharage nikikulaani," alisema. "Kila shimo. Nasema, mshahara umempandisha kichwa. Siku ya Krismasi nikakuona unakuja, ukashuka chini mbele ya watu wote. Nikasema moyoni, amerudi. Mama Careen amerudi. Nikarefusha. Nimeulizia ng'ombe, nimeulizia barabara. Nilikosa tena cha kuulizia, nikawa natafuta. Nilirefusha kwa sababu nilifurahi." Akalivuta pindo la khanga. "Na wewe ulikuwa unakufa hapo chini, unaniambia amahoro."

Akaanza kulia bila sauti, na mimi nikalia. Nilidhani ananiadhibu. Miezi yote hii nimeusoma uso wake kama mtu anayesoma kitabu alichokishika kichwa chini.

Nilitaka aseme neno moja zaidi. Hakusema. Alifuta uso kwa pindo la khanga, akasimama, akatoka. Asmahani akaniambia nisimkimbilie kwa mawazo, nimpe muda. Ni rahisi kusema ukiwa na moyo mzima.

Januari 2

Nameza vidonge mbele ya Careen. Ni kwa ajili yake kwanza. Kwa ajili yangu bado sijafika.

Januari 4, Jumamosi

Nimeruhusiwa. Renatus amekuja na gari la mtu. Alinibeba kutoka garini mpaka mlangoni, mbele ya majirani, na nikagundua simkasirikii tena. Aliniambia, "Nilidhani mnagombea shamba. Nikaona nikae mbali msije mkaniuliza niko upande gani." Watu watatu nyumba moja, kila mmoja na hadithi yake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Mama hakutokea.

Januari 5, Jumapili

Ametokea.

Nilikuwa barazani kwenye jua. Nikaona mtu anakuja kupitia migomba amebeba kiti kichwani. Ni kile kiti cha mninga chenye mikono, cha marehemu baba mkwe, ambacho tangu azikwe hakuna aliyekikalia. Hata padri akija hupewa kingine. Alikishusha mbele yangu, akakipangusa.

"Kaa."

"Mama, hiki ni cha baba."

"Baba hana haja nacho. Kaa."

Nikakaa. Yeye akabaki amesimama, mikono kiunoni, akipima kama fundi.

"Mimi niko wapi?"

"Umesimama, mama."

"Na wewe?"

"Nimekaa."

"Nani yuko chini?"

"Mimi."

"Basi nisalimie."

Nikapiga makofi. Mgongo umenyooka, kifua kiko wazi. Pumzi ilikuwepo, ikatosha na kubaki. "Mwakeye, mama." Akaniulizia nyumba, mume, mtoto. Kisha akafunga, fupi, akasema tusianze kwa fujo.

Januari 9, Alhamisi

Nimemsimulia Asmahani la kiti. Alisimama katikati ya chumba, akaniomba nimwonyeshe, akajifunza kuitikia. Matamshi yake ya Kiha ni msiba. Kazi ya nyumbani mpya: salamu moja kwa siku, nikiwa nimekaa, na nisiandike nilivyojisikia kama sijui.

Januari 12, Jumapili

Mama alibeba kile kiti mpaka kanisani. Baada ya misa alikiweka uani, akanikalisha, akawaambia wanawake wenzake, "Huyu moyo wake unamkataza kuinama. Anasalimia hapa. Atakayeona ni dharau aje kwangu aniambie mimi." Wakaja mmoja mmoja. Nilichoka, kwa uchovu mzuri niliokuwa nimeusahau.

Januari 17

Siku mbaya. Sijui kwa nini. Nimemeza vidonge na kulala.

Januari 18

Bado. Mama alikuja, tukasalimiana, nikamwambia amahoro. Uongo.

Januari 25, Jumamosi

Wameng'oa maharage. Mvua iliyaharibu ya bondeni, ya juu yamepona. Yamelundikwa barazani kwangu, nimekaa kwenye kiti cha mninga nikipukuchua kuanzia asubuhi, Careen, ambaye shule imemruhusu achelewe kwa ajili yangu, akipepeta kabla hajarudi. Kazi hii haina kuinama. Majirani waliopita walisimama njiani wakanisalimia, nikawajibu nikiwa na maganda mapajani. Nilicheka na mmoja wao kuhusu jogoo wake. Nimeliona hilo baadaye, kwamba nilicheka.

Januari 30, Alhamisi

Kliniki. Nimejibu tena yale maswali yenye alama; zimeshuka, hazijaisha. Asmahani alisema sonona inaweza kurudi, na ikirudi isiwe siri. Swaumu amefungua duka la baba yake. Nilipita, nikamwambia baba yake alinipa pipi ya tangawizi na alinichekesha siku nilipokuwa sitaki kucheka. Hilo ni kweli, na lilikuwa langu kulitoa.

Februari 8

Magoti ya mama yamevimba. Nimemwambia akae tunaposalimiana. Akasema tukikaa wote nani atakuwa mkubwa.

Februari 13, Alhamisi

Sikwenda kliniki leo, na si mvua.

Niliamka nalo. Wale wanaolijua wanalijua: kabla macho hayajafunguka tayari lipo, limekaa. Nyumba tupu, Careen shule, Renatus Kibondo. Vidonge viko mezani. Nikavitazama, navyo vikanitazama. Nilifikiri nijilaze tu, leo tu, na nilijua leo tu ni nini.

Kulikuwa na manyunyu. Nikamsikia mama mlangoni, jembe begani, anaelekea shamba la chini kulitayarisha kwa mbegu za pili. Nikajikokota mpaka kwenye kiti. Nikapiga makofi. Yalitoka mawili.

Akaitikia. Amesimama kwenye manyunyu, amehamishia uzito mguu wa kushoto kwa sababu wa kulia ndio mbaya zaidi.

"Umeamkaje?"

Neno lilikuwa mdomoni tayari, lile ninalolisema tangu utoto. Nikamkumbuka Mzee Haidari akila uji wake na kusema hajambo.

"Oya, hapana, mama," nikasema. "Leo si amahoro. Leo sitaki kuwepo."

Sijawahi kusikia mtu akijibu hivyo kwenye salamu. Hata yeye hakuwa na swali linalofuata baada ya jibu kama hilo; halijatengenezwa. Alisimama. Maji yalimchuruzika kwenye ubapa wa jembe. Nilidhani atalia, au ataita majirani, au ataniambia nisali. Akafanya nini? Akaanza upya. Nyumba? Nikamwambia nyumba ni kubwa mno. Mtoto? Namkumbuka. Mume? Hajapiga simu tangu juzi. Kila swali aliliuliza kana kwamba hajawahi kuliuliza, na kila jibu alilipokea kwa "ego, mwana," yaani ndiyo, mwanangu, na kusubiri. Miguu yake ilikuwa inatetemeka. Nikamwomba akae. Akakataa.

"Na vidonge?"

"Viko mezani."

"Vilete."

Nikavileta, nikavimeza mbele yake. Akaniambia nimpigie yule nesi wa Tanga. Nikapiga, Asmahani akapokea, akasema anakuja mchana na pikipiki. Mama alisubiri mpaka nimeweka simu chini. Kisha akainua jembe, akageuka kuelekea shambani.

"Mama," nikamwita, "hujafunga."

"Sijafunga," alisema bila kugeuka. "Bado sijakuuliza wa kwenu. Nikirudi jioni nikukute kwenye kiti hicho, tunaendelea."

Akaingia kwenye migomba. Salamu haifungwi na mdogo, na mpaka ifungwe huwezi kuondoka. Nimekaa. Manyunyu yamekatika, na huko bondeni nasikia jembe lake.